Kombe la Kinywa Kushoto

Upendo, binti yake Yohana, alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharage, akaniambia baba yake amefariki na mazishi ni kesho yake, kijijini kwake Mungaa. Nilimpa pole, nikamuuliza marehemu aliugua nini, nikamwambia nitafika. Yote niliyasema kwa moyo na machozi yalinitoka. Lakini kabla simu haijakatika, wazo lililonijia ni kwamba sasa nitaingia ndani ya nyumba yake na kuona kama kombe letu limo. Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Nikinunua sukari naipima tena nyumbani. Mjukuu wangu akinisalimia vizuri kuliko kawaida namuuliza amevunja nini. Majirani zangu hapa Unyambwa wameshazoea, na wapo wanaosema nilizaliwa hivi. Si kweli. Nilifanywa hivi katika mwaka mmoja, nikiwa msichana wa kama miaka ishirini pale Ikungi, ndani ya stoo ya chakula cha kuku. Tuliokuwemo tulikuwa wanne, na kwa kifo cha Yohana nimebaki peke yangu.

Mtu akisikia kwamba Ikungi palikuwa na chama cha kukusanya makombe ya baharini atacheka, maana bahari iko mbali na sisi hatukuwa tumeiona hata kwa mbali. Lakini makombe yalikuja yenyewe. Malori yaliyopeleka matenga ya kuku Dar es Salaam hayakupenda kurudi matupu, na moja lilizoea kurudi na magunia ya makombe yaliyozolewa ufukweni, ya kusagwa na kuchanganywa kwenye chakula cha kuku ili mayai yawe na ganda gumu. Mwenye stoo alikuwa Bi Zaituni, mjane mwenye sauti ya kupasua mawe na moyo laini aliouficha vibaya. Yohana alikuwa mtu wake wa mashine, kijana mrefu aliyenizidi miaka michache. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu refu, alilopata mkanda wa mashine ulipokatika na kumchapa. Mimi nilikuwa nafagia, napima pumba na mashudu ya alizeti, na natunza ufunguo. Hakuna kati yetu aliyewahi kulitazama kombe kwa macho ya kulitazama, mpaka siku Mwalimu Ntandu alipokuja kununua chakula cha vifaranga. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, msafi kupita kiasi, na mfuko wa shati lake, upande wa moyo, haukukosa kalamu mbili. Alimkuta Yohana anamwaga gunia kwenye mdomo wa mashine, akapiga ukelele kana kwamba ni mtoto anayetumbukia. Yohana akazima mashine. Mwalimu akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi, akaanza kuokota.

Kesho yake alirudi na kitabu kisicho na jalada alichoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Kilikuwa na picha za makombe ukurasa kwa ukurasa, na maelezo ya lugha ambayo yeye peke yake aliisoma na sisi tukamwamini. Hivyo ndivyo chama kilivyoanza. Kuanzia hapo hakuna gunia lililoingia mashineni kabla halijachambuliwa. Kila Jumamosi mchana, wateja wakipungua, Bi Zaituni alifunga mlango wa mbele, Yohana akatandika turubai sakafuni na kumwaga gunia, nasi tukakaa kulizunguka lile rundo kila mtu na ungo wake. Tulichambua kama wanawake wanavyochambua mchele, tofauti ni kwamba tulichotupa pembeni ndicho kilichokuwa chakula cha kuku na kile kimoja kilichotushangaza ndicho tulichokihifadhi. Tuliyahifadhi kwenye trei za mayai, kombe moja kila tundu, na kwa stoo ya kuku trei hazikuwa shida. Harufu ya bahari kwangu mimi ilikuwa harufu ya gunia: chumvi, uozo kidogo, na katani. Baada ya kazi tulinawa mikono kwa majivu na haikutoka. Tulikula ugali wa uwele na mlenda wa karanga aliopika Bi Zaituni kwenye jiko la nyuma, na kila tonge lilikuwa na bahari ndani yake. Sikuwahi kula chakula kitamu kama kile, na sijui kama ni mlenda au ni ujana.

Mwalimu alitufundisha kama darasa la kwanza. Alinyanyua kombe la konokono, ncha juu, upande uliofunguka ukitutazama, akauliza kwa sauti ya ubaoni, "Kinywa kiko mkono gani?" Nasi tulijibu kwa pamoja, "Kulia, Mwalimu!" Daima ilikuwa kulia. Kitabuni kulikuwa na ukurasa mmoja wenye makombe mawili ya aina moja yaliyowekwa sambamba, moja kinywa kulia, jingine kinywa kushoto, na Mwalimu aliufungua ukurasa ule kwa heshima kama mtu anayefungua Zaburi. Alisema kombe lenye kinywa kushoto, kwa aina ile ambayo kawaida yake ni kulia, watu wanalitafuta maisha yao yote na kufa hawajaliona. Alisema tukilipata sisi, makumbusho ya taifa yataliweka ndani ya kioo, na chini yake pataandikwa jina la chama chetu na neno Ikungi. Mwalimu akisema hayo, Yohana alikuwa akiniangalia, na mimi nilikuwa namwangalia Yohana. Siku za baridi aliniwekea mahindi ya kuchoma juu ya injini ya mashine ili yasipoe. Sisemi zaidi ya hapo, wala wakati ule hatukuwa tumesema zaidi ya hapo.

Nje ya stoo watu walitushuku tangu mwanzo. Watu wanne wanaofunga mlango mchana kweupe na kukaa kuzunguka makombe, mtu wa kwetu atafikiri nini? Mzee mmoja alikuja kubisha hodi akiomba tumpigie ramli kwa makombe yetu tumwambie ng'ombe wake aliyepotea yuko upande gani. Bi Zaituni alimjibu kupitia tundu la mlango, "Baba, shikamoo. Hapa sisi hata ungo wetu wenyewe hatujui uko wapi." Mzee akasema marahaba, akaondoka bila kuamini. Lakini shaka ya nje haikutuumiza. Ilitufanya tukaribiane, tukacheka. Iliyotuumiza tuliileta ndani wenyewe, na ilianza kama kanuni ndogo ya Mwalimu: kila anayetoka stoo Jumamosi ageuze mifuko yake nje mlangoni, wote waone. Alisema wakusanyaji wa kweli duniani kote hufanya hivyo. Sidhani. Tulifanya kwa utani. Yohana alivuta mifuko ya suruali yake ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, mimi nikageuza ya gauni langu, Bi Zaituni asiye na mfuko akakung'uta kanga yake na kuzunguka mara moja kama bibi harusi. Ukizoea kuonyesha mifuko yako kila wiki, unazoea pia kuitazama ya mwenzako.

Sasa nafika kwenye lori. Mwaka ule, mavuno ya alizeti yalipokwisha, dereva alimwambia Bi Zaituni kwamba safari ijayo anaweza kumchukua mtu mmoja wa chama hadi pwani, amfikishe pale pale makombe yanapozolewa, na amrudishe. Mtu mmoja tu, maana mbele walikaa dereva na utingo na nyuma palijaa matenga ya kuku. Mwalimu alisema aende mwenye jicho kali kuliko wote, ili aokote kwa mkono wake badala ya kungoja gunia, na tukapiga kura kwa mbegu za mahindi kwenye kikombe. Nilichaguliwa mimi. Nilikuwa sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote. Nilikwenda nyuma ya stoo nikajifanya naosha sufuria ili wasinione nalia. Tangu siku hiyo nililala nikiiwaza bahari, nikijaribu kuikuza kutoka Ziwa Singidani, nikiondoa ng'ambo moja kisha nyingine mpaka ibaki maji matupu, na sikuweza. Nilitaka kuiona kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote.

Mwalimu akataka tupigwe picha kabla ya safari. Siku ya mnada alimleta mpiga picha kutoka Singida mjini, kijana mwenye haraka aliyetupanga mlangoni mwa stoo kwenye mwanga. Bi Zaituni alikaa kwenye kiti, Mwalimu akasimama nyuma yake, mimi kando yake, na Yohana mbele kidogo amechuchumaa, ameshika juu ya kiganja kombe letu zuri kuliko yote, ncha juu, kinywa mbele, kama tulivyofundishwa. Kombe lile lilikuwa na ukubwa wa ngumi, rangi ya chai ya maziwa, na pengo dogo kwenye mdomo wake. Nilikuwa nimeliokota mimi Jumamosi iliyotangulia. Picha ilipigwa moja tu. Kisha Yohana akanikabidhi kombe, nikalirudisha kwenye tundu lake, nikafunga stoo na kuondoka na ufunguo.

Picha ililetwa siku chache kabla ya lori. Tuliigombania kama watoto. Bi Zaituni aliishika mbali na macho yake, akaridhika. "Mimi nimetoka mwenyewe kabisa, kama ninavyojiona kwenye kioo. Lakini Rehema, mbona amekupinda sura?" Nilitazama na mimi. Nilijiona nimetoka vizuri. Aliyepinda kwa macho yangu ni yeye, mdomo ulikuwa kama umehamia upande wa pili. Yohana naye alisema yeye yuko sawa, ila sisi wengine mpiga picha katuharibu. Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amechukua lenzi yake ya kukuzia na ameinamia picha, na alipoinua uso ulikuwa umebadilika.

"Kinywa kiko mkono gani?" aliuliza.

"Kulia, Mwalimu," tulijibu kwa mazoea.

"Tazameni."

Tulitazama mmoja mmoja kwenye lenzi. Kombe lililokuwa kwenye kiganja cha Yohana lilikuwa na kinywa kushoto. Hakukuwa na ubishi, ilikuwa wazi kama ukurasa wa kitabu cha padri. Bi Zaituni aliita jina la Mungu. Yohana alinishika mkono kwa furaha mbele ya watu wazima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kwa muda ule mfupi sote wanne tulikuwa watu wenye bahati kuliko wote nchini. Kisha tukakimbilia trei. Mwalimu alilitoa kombe kwenye tundu lake kwa vidole viwili, akaliinua, ncha juu. Kinywa kilikuwa kulia.

Kuku wa Bi Zaituni walikuwa wanaparua nje ya mlango, na hakuna aliyewafukuza. Mwalimu akasema polepole, "Limebadilishwa." Nilimwambia haiwezekani, kwamba mimi ndiye niliyeliokota na siku ile ile nililitazama kinywa kama alivyotufundisha, na kilikuwa kulia. Alinitazama juu ya miwani. "Basi binti yangu, hukuangalia vizuri. Au uliangalia vizuri mno." Leo naelewa kwamba aliona haya, maana naye kombe lile alikuwa amelishika na kulisifu, na ilimuwia rahisi kuamini kuna mwizi kuliko kuamini kwamba kitu cha ndoto yake kilipita mkononi mwake asikione. Wakati ule sikuelewa. Nilisikia tu neno ambalo hakulitamka.

Bi Zaituni alijaribu. Alilichukua kombe akapapasa mdomo wake. "Mwalimu, mbona na hili lina pengo? Lile la kwenye picha lina pengo hapa hapa."

"Mwizi mwenye akili hulitia la pili pengo," Mwalimu alisema. "Magunia yamejaa ya aina hii. Ni kuchagua la kufanana na kuligonga kwa kisu."

"Sasa nani ana akili hiyo hapa?"

Sote tulijua jicho kali la chama lilikuwa la nani, na ufunguo alikuwa nao nani. Kisha Mwalimu akamuuliza Yohana, kwa upole wa hakimu, picha ilipokwisha alimpa nani kombe. Yohana akasema, "Nilimkabidhi Rehema." Alisema ukweli. Nikasema, "Alilonikabidhi ni hili hili la kulia." Nami nilisema ukweli. Maneno yale mawili yakasimama kati yetu, na kila mmoja akaona njia moja tu ya kuyapatanisha. Niliwaza: alichuchumaa, mgongo wake ulikuwa kwetu, alikuwa na nafasi ya kubadilisha kabla ya kunipa. Yeye aliwaza: alibaki na ufunguo peke yake. Niliuona uso wake ukiwaza hivyo, na mkono wake ulikuwa umeshaachia wangu.

Siku zile chache zilikuwa na sumu. Nilisikia Bi Zaituni akimnong'oneza Mwalimu nyuma ya magunia kwamba atakwenda kwa mganga wa kule bondeni kuuliza, na mganga yule alitumia makombe, kwa hiyo tungeuliza makombe nani ameiba kombe. Jumamosi Mwalimu alisimama mlangoni mwenyewe, na nilipogeuza mifuko yangu aliinama kuangalia mishono. Mifuko ya Yohana hakuiinamia. Nami nilipekua stoo nzima, nikatia mkono kwenye debe la grisi ya mashine, nikachungulia chini ya kitanda cha kamba alichopumzikia Yohana mchana. Aliingia akanikuta nimepiga magoti. "Unatafuta nini, Rehema?" aliuliza. Nikamwambia, "Unakijua." Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wewe ndiye unayekijua," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho yenye maana.

Lori lilipokuja, aliyepanda ni Yohana. Mwalimu aliamua, Bi Zaituni akatazama chini. Nilisimama kwenye mlango wa stoo na ufagio mkononi, nikamwona anakaa mahali pangu karibu na dirisha, kuku wakilia matengani nyuma yake, na hakugeuka. Nilimchukia kwa nguvu zangu zote. Kwangu ushahidi ulikuwa umekamilika: aliyepata ndiye aliyeiba. Alirudi na gunia la makombe aliyoyaokota mwenyewe na chupa ya soda iliyojaa maji ya bahari. Chupa aliiweka juu ya mizani yangu. Niliiacha hapo mpaka Bi Zaituni alipoimwaga akidhani ni maji ya kunawa. Niliacha kazi kabla mwaka haujaisha. Niliolewa Unyambwa na mtu mwema, Mungu amrehemu, ambaye maisha yake yote alishangaa kwa nini mke wake anapekua mifuko ya nguo kabla ya kufua, hata ya magauni yake mwenyewe. Chama kilisambaratika. Bi Zaituni alitangulia, kisha Mwalimu, na nilisikia trei zote na vitu vya chama vilibaki kwa Yohana, aliyekuwa amehamia Mungaa kulima na kufuga. Tulikutana mara kadhaa mnadani na harusini. Tulisalimiana kama watu waliosomeana habari zao gazetini. Bahari sijaiona mpaka leo. Watoto wangu wamewahi kutaka kunipeleka, na kila mara nimepata sababu.

Ndiyo hali niliyofika nayo msibani. Nilipanga foleni na wengine kumuaga. Alikuwa amekonda, na uso ulikuwa mtulivu, na juu ya jicho la kushoto kovu lile lilikuwa limebaki jeupe, kitu pekee usoni mwake ambacho hakikuzeeka. Nililia kuliko nilivyotarajia. Baadaye waliniongoza ndani kwenye chumba alichokaa mfiwa na wanawake wenzake kwenye magodoro. Mama Upendo, mjane wake, ni mwanamke mdogo wa umbo mwenye macho yasiyokosa kitu. Nilimpa mkono wa pole. Alinishika akanitazama.

"Wewe ndiye Rehema wa Ikungi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Marehemu alikutaja sana."

"Alinitaja vipi?"

"Alisema siku ukija hapa kwangu, nikae karibu na kabati." Wanawake wawili waligeuka. Mama Upendo alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Nisamehe dada, siku ya leo. Lakini ndivyo alivyosema. Na mimi nimekaa hapa tangu jana, naona nimelilinda kabati kwa mgongo wangu."

Kabati lilikuwa nyuma yake kweli, la vioo, na ndani yake zilipangwa trei za mayai. Kwa hiyo naye alinishuku miaka yote hii. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza. Nilikuwa nimembeba kama mwizi wangu muda wote huo, na haikunijia hata mara moja kwamba naye amenibeba mimi. Nilimwambia Mama Upendo ukweli, kwamba nimekuja kumzika Yohana na pia kutafuta kombe. Kisha akasogea, akafungua kabati kwa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga yake, akatoa trei ya juu. "Lile la kweli hakuwa nalo," alisema. "Alikuwa na hili la uongo, ulilomwekea. Alilitunza awe na ushahidi." Akaniwekea kiganjani kombe la rangi ya chai ya maziwa, lenye pengo mdomoni. "Na picha yenu ile pale ukutani."

Picha ilikuwa kwenye fremu, imefifia. Niliishusha. Kwa mazoea nilikwenda moja kwa moja kwenye kombe, na kinywa kilikuwa kushoto, kama siku ile. Lakini nilikuwa nimetoka kumuaga, nikataka kumwona alivyokuwa kijana. Kwa hiyo nikatazama uso wake. Alikuwa anatabasamu nusu, amechuchumaa, kovu likiwa bado jipya juu ya jicho. Jicho la kulia. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikamtazama Mwalimu, na kalamu zake mbili zilikuwa kwenye mfuko wa kulia wa shati. Mwalimu aliyeweka kalamu upande wa moyo maisha yake yote! Nikamtazama Bi Zaituni na mdomo wake uliohamia upande wa pili, na ndipo nilipokaa chini kwenye godoro la watu. Yule kijana wa Singida mjini mwenye haraka alikuwa ameisafisha picha kinyume, filamu ameilaza upande usio wake, akatugeuza sote pamoja na kombe letu. Ndiyo maana kila mmoja alijiona yeye yuko sawa kama kwenye kioo, na wenzake ndio wamepinda. Mtu mwingine yeyote angeitazama picha ile asiharibikiwe na lolote. Ni sisi tu, tuliofundishwa kutazama kinywa kiko mkono gani, tulioweza kuangamizwa nayo. Tuliishikia lenzi juu ya kombe mpaka macho yakauma, na hakuna aliyeisogeza lenzi kwenye uso wa mwenzake.

Nilimweleza Mama Upendo. Nilimwonyesha kovu, nikamwonyesha kalamu, nikasimamisha kombe kando ya picha ili aone pengo ni lile lile. Alielewa haraka kuliko sisi.

"Sasa aliiba nani?"

"Hakuna aliyeiba, mama. Kombe ni hili. Halikuwahi kuwa jingine."

Alilitazama kombe. "Na yeye wameshamfunga jenezani," alisema.

Nje wanaume walikuwa wameanza kubeba jeneza na kwaya imeshika wimbo. Aliniambia nilichukue kombe, ni haki yangu, mimi ndiye niliyeliokota. Nilimwambia hapana, kanuni ya chama ni kwamba hakitoki kitu, na nikalirudisha kwenye tundu lake, kinywa juu. Tulitoka tumeshikana mikono. Upepo wa Mungaa ulikuwa unavuma na vumbi, na kaburi lilikuwa pembeni ya zizi, kama alivyoagiza mwenyewe. Watu walipita mmoja mmoja kutupa udongo. Zamu yangu ilipofika nilitupa wangu, na sikuondoka. Nilikuwa nimevaa koti la marehemu mume wangu, lenye mifuko miwili mikubwa. Nikaingiza mikono, nikaivuta mifuko yote miwili nje mbele ya mchungaji na ukoo wote wa Yohana, na chenga za pumba na pipi ya mjukuu wangu zikaangukia kaburini. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akiuliza huyu bibi ana nini. Nikasimama hivyo hivyo, mifuko ikining'inia, nikamwambia, "Tazama, Yohana. Sina kitu."